Joto Lipite Mlangoni Kwetu Kwanza

*Haya niliyasema Jumamosi moja ya Novemba mbele ya kikao cha wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi upande wa Bonde la Rhine, Ujerumani. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimeondoa vikohozi na mahali nilipopoteza karatasi.*

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, hamjambo. Nimepewa dakika ishirini, na pilau imeshaanza kunukia, kwa hiyo mwenye kunionea huruma asiangalie jikoni.

Mwenyekiti aliniambia hivi: watu wanauliza wale wanaochoronga ardhi huku wanatafuta nini hasa, joto au lithiamu, yale madini ya betri? Nikamjibu, vyote viwili, tena ndani ya maji yale yale. Akasema, basi njoo utueleze kwa lugha yetu, maana mikutano ya mji tunahudhuria, tunatoka na karatasi za rangi, tukifika nyumbani bado hatujui tushangilie au tuhame.

Naanza na chupa hii. Nimeijaza lita moja ya maji ya bomba, nikatia gramu 100 za chumvi ya jikoni. Ipokezaneni. Mwenye ujasiri achovye kidole aonje. Kali, sivyo? Maji ya bahari yana gramu 35 hivi kwa lita. Haya yaliyo chini ya miguu yetu, kilomita tatu kwenda chini, yana chumvi karibu mara tatu ya bahari, na moto wake ni nyuzi 160. Sasa tafuta lithiamu ndani ya lita moja ya maji hayo ya chini. Utapata miligramu 160 hadi 200, punje ambazo ungezibeba kwenye ncha ya kidole bila hata moja kuanguka. Kidogo? Baharini haifiki hata miligramu moja. Ni kama sehemu mbili za kumi tu. Maji ya hapa yameizidi bahari takriban mara elfu.

Kwa nini hapa na si kwingine? Kwa watu wa kwetu jibu ni rahisi. Mimi nimezaliwa Gilgil, Kenya. Mara ya kwanza nilipopanda treni kutoka Basel kuelekea kaskazini, nikaona Msitu Mweusi umesimama kulia na milima ya Vosges kushoto, na katikati tambarare imelala kama mkeka, nilijisemea: hili nalijua. Hili ni bonde la ufa. Urefu wake ni kilomita 300 hivi, kutoka Basel hadi karibu na Frankfurt, upana 30 hadi 40, na lilianza kutanuka zaidi ya miaka milioni 35 iliyopita. Ni dogo na ni la kizee likilinganishwa na letu, lakini ukoo ni mmoja.

Palipo na tofauti ni kwenye moto. Kwetu volkeno bado ina pumzi. Pale Olkaria, ambapo mtambo wa kwanza wa umeme wa joto la ardhini, megawati 15, uliwashwa mwaka 1981, kisima kinapofunguliwa unasikia ngurumo ukiwa bado barabarani. Hapa hakuna volkeno inayopumua. Kuna nyufa tu, na maji yanapanda ndani ya nyufa hizo yakibeba joto la chini kabisa. Kwa kawaida ukishuka kilomita moja unaongeza nyuzi 30 hivi, kwa hiyo kilomita tatu ungetegemea mia moja au zaidi kidogo. Landau, mji mmoja wa hapa bondeni, wanapata 160. Hizo sitini za ziada ndizo zilizowaleta watu na mitambo.

Visima huchorongwa viwili viwili. Kimoja kinapandisha, cha pili kinarudisha. Maji hayaoni jua hata kidogo. Njia yote yanabanwa kwa shinikizo, baa 20 hivi, kwa sababu ukilegeza, hewa ya ukaa inachomoka kama soda iliyotikiswa, na chokaa inaganda ndani ya bomba. Nimewahi kuona bomba lililoziba hivyo. Ungedhani mtu kalimwagia zege. Yakifika juu, maji yanapita kwenye sahani nyembamba za chuma, upande mmoja yenyewe, upande wa pili maji safi. Hayachanganyiki. Ni kama kupasha maziwa kwa kuweka sufuria ndani ya sufuria nyingine ya maji. Kisha yanarudi chini yakiwa yamepoa, yaende kuchota moto tena.

Sasa hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo ninapogombana na wenzangu kazini.

Chukueni kisima kinachotoa lita 70 kwa sekunde. Pipa la mafuta, yale tunayoyajua sote, linajaa kwa sekunde tatu. Maji yakiingia na nyuzi 160 yakatoka na 60, yametuachia megawati 25 na ushei za joto. Ukitaka kuzifanya umeme, nyuzi 160 ni chache mno kwa kazi hiyo. Huwezi kuzungusha mtambo kwa mvuke kama Olkaria. Inabidi uyaache maji yachemshe kimiminika kingine, jamii ya petroli nyepesi, kinachochemka upesi, kizungushe mtambo kwa niaba yake. Mwisho wa safari unapata megawati 3 hivi. Zilizobaki, zaidi ya ishirini, zinapepewa angani kwa mafeni makubwa. Kituo cha Landau kilichowashwa mwaka 2007 ni cha ukubwa huo huo, megawati 3 za umeme.

Mtu mwenye akili timamu anauliza: kwa nini wapepee joto angani katika nchi ambayo watu wanavaa makoti miezi sita? Jibu halikuwa kwenye mwamba. Umeme ulikuwa na bei iliyowekwa kisheria, na waya zilishakuwepo. Joto lilihitaji bomba, na bomba lilihitaji kuchimbua barabara ya watu. Nani atawagombanisha wakazi na manispaa kwa ajili ya bomba, wakati umeme unaingia kwenye waya leo na kulipwa mwezi ujao?

Wajerumani wanaliita Fernwärme, yaani joto la mbali. Badala ya kila nyumba kuwa na boila yake ya gesi, mji unapitisha maji ya moto chini ya barabara, na kila nyumba inakata tawi lake. Bomba lenyewe ni hili, nimekuja na kipande. Ndani chuma, katikati povu gumu, nje plastiki. Mnalionaje, zito? Ndilo linalogharimu. Chini ya nyumba, ile boila inang'olewa, kunawekwa kisanduku kidogo chenye zile sahani nilizowaambia, na haizungi zenu, vile vipasha joto vya ukutani, zinabaki pale pale.

Wa Iceland walilitambua hili mapema. Mwaka 1930 waliyavuta maji ya chemchemi ambako akina mama wa Reykjavík walikuwa wakifulia, wakayapeleka kwenye shule, kisha hospitali, bwawa la kuogelea na nyumba sitini hivi. Mji huo jina lake maana yake ni Ghuba ya Moshi, kwa ajili ya mvuke ule. Leo nyumba tisa kati ya kumi katika nchi nzima zinapashwa joto hivyo. Wana bomba kutoka Nesjavellir hadi mjini, kilomita 27, na maji yanapofika hayajapoteza hata nyuzi mbili. Wahandisi wengi wa jotoardhi wa Kenya wamesomea huko. Tulipeleka watu wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Wengine tumebaki Ulaya tunahutubia vikao.

Ufaransa walianza mwaka 1969 pale Melun, kusini mwa Paris. Munich mtaa wa Riem umepashwa joto la ardhini tangu 2004, na kampuni ya mji inataka mtandao wake wote wa joto uachane na makaa na gesi ifikapo 2040. Munich ndiyo ninayoipenda kuitaja, kwa sababu maji yake ya chini hayana chumvi ya maana. Karibu ungeyanywa. Hayana lithiamu ya kumwita mwekezaji kutoka Australia. Yana moto tu, na moto umetosha kulipa gharama.

Haya, tuje kwenye lithiamu, maana naona kijana pale nyuma ameshaanza kusinzia na hili ndilo lililomleta.

Kuchota madini kwenye maji ya moto si jambo la jana. Pale Larderello, Italia, walianza mwaka 1818 kutoa asidi ya boroni kwenye mivuke ya ardhini. Balbu za kwanza za umeme wa jotoardhi, tano tu, ziliwaka pale pale mwaka 1904. Madini yaliutangulia umeme kwa miaka 86. Nilipoisoma habari hiyo chuoni nilicheka, maana profesa wetu alikuwa ametoka kutuambia kwamba lithiamu ya Rhine ni mapinduzi.

Kwenye jangwa la Atacama, Chile, wanamwaga maji ya chumvi kwenye mabwawa na kuliachia jua kazi, mwaka mzima na zaidi. Hapa jua lenyewe ni la kubahatisha, tena maji hayaruhusiwi kukaa juu. Kwa hiyo yanapitishwa kwenye matangi yaliyojaa punje zenye aluminiamu zilizotengenezwa maalumu. Punje hizo zinanasa kloridi ya lithiamu na kuiacha chumvi nyingine iende zake. Zikishiba, zinasuuzwa kwa maji safi, na lithiamu inaachia. Jambo zuri ni kwamba punje zinapenda maji ya moto, na moto tunao wa bure. Kampuni ya Vulcan ilifungua mtambo wa majaribio wa namna hii Landau mwaka 2023. Kinachopatikana kinapelekwa Höchst, Frankfurt, kugeuzwa kwa umeme kuwa haidroksidi ya lithiamu, unga ambao viwanda vya betri vinautaka. Mpango wao ni tani 24,000 za unga huo kwa mwaka.

Turudi kwenye kisima chetu cha lita 70. Kwa miligramu 180 katika kila lita, kinapitisha zaidi ya kilo elfu moja za lithiamu kwa siku. Toa zinazopotea njiani, ibaki tani moja. Betri ya gari la kawaida la umeme inabeba kama kilo nane. Kisima kimoja kinatosha magari mia na ishirini kwa siku. Nimefanya hesabu hii mezani kwangu mara nyingi na kila mara nasisimka, sitawaficha.

Lakini endeleeni na hesabu kidogo. Tani 24,000 za ule unga ndani yake ni tani 4,000 hivi za lithiamu yenyewe. Maana yake ni visima kumi, kumi na moja, vya ukubwa ule, na kila kimoja na mwenzake wa kurudishia. Hiyo ndiyo sababu mnaona minara ya kuchoronga inachipuka mashambani kati ya mizabibu. Haichipuki kwa sababu nyumba zenu zina baridi. Inachipuka kwa sababu betri zinataka lithiamu. Sasa visima kumi mara megawati 25 za joto ni 250. Mtambo wa lithiamu utatumia sehemu yake, umeme sehemu yake. Nyingine zinakwenda wapi? Landau ni mji wa watu wasiofika elfu hamsini. Joto lingetosha na kubaki, ilimradi kuna bomba.

Ndiyo maana nasema joto lipite mlangoni kwetu kwanza. Si kwamba naichukia lithiamu. Ndiyo inayonilipa mshahara kwa sasa. Ila bei yake ilipanda hadi mawinguni mwaka 2022, na katika miaka miwili iliyofuata ikapoteza zaidi ya robo tatu ya thamani. Mwekezaji anaweza kuamka siku moja akafunga matangi yake. Kama bomba la joto limeshalazwa chini ya barabara, kisima kitaendelea kumhudumia bibi wa ghorofa ya tatu hata lithiamu ikiuzwa kwa bei ya mchanga. Kama halikulazwa, kisima kinafungwa na kizibo, na sisi tunaendelea kulipia gesi. Na wakati wa kulilaza bomba ni wakati kisima kinachorongwa, mwekezaji akiwa bado ana hamu na mji wetu, bado anahitaji vibali na nia njema ya majirani. Akishaanza kuuza, hamu hiyo inapungua. Nimeona ikipungua.

Kuhusu hofu. Sitazikejeli. Mwaka 2007 mji wa Staufen, kusini mwa bonde hili, ulichoronga vitobo saba vya mita 140 ili kupasha joto ukumbi wa mji. Maji yakaingia kwenye tabaka la madini ambayo yakilowa yanageuka jasi na kuvimba. Mji wa zamani ukaanza kuinuka, na nyumba zaidi ya 250 zikapasuka. Basel, Desemba 2006, walisukuma maji kwa nguvu ili kuupasua mwamba, ardhi ikatetemeka kwa kipimo cha 3.4, mradi ukafa. Landau yenyewe ilitetemeka mwaka 2009, kipimo 2.7, na mwaka 2014 ardhi ya karibu na kituo ikainuka, kikafungwa kwa muda. Vendenheim, karibu na Strasbourg, ndiko kulikokuwa kubaya zaidi: mradi ulisimamishwa Desemba 2020, na Juni 2021, miezi sita baadaye, ikaja mitikisiko ya kipimo cha 3.9.

Haya hayafanani, na msikubali mtu ayachanganye kwenye chungu kimoja, awe anawatisha au anawatuliza. Staufen ni vitobo vifupi vilivyopita tabaka baya. Basel waliupasua mwamba kwa makusudi. Kutumia nyufa zilizopo bila kuupasua mwamba ni kazi nyingine. Rittershoffen, upande wa Ufaransa, kisima kinapeleka megawati 24 za joto kwenye kiwanda cha wanga cha Beinheim, kilomita 15, tangu 2016. Lakini shinikizo la kurudishia maji likizidi, ufa unateleza, hakuna ubishi. Jambo jingine ambalo wasemaji wa kampuni hawalipendi: uchafu unaoganda ndani ya mabomba unakuja na risasi na radiamu kidogo ya asili. Si sumu ya kumrukia mpita njia, ila mfanyakazi anayesafisha lazima avae na apimwe, na uchafu una mahali pake maalumu pa kutupwa. Mkienda mkutanoni, ulizeni unakwenda wapi. Ukimya wa sekunde tano utawafundisha zaidi kuliko karatasi ya rangi. Na mwenye nyumba karibu na mnara, piga picha kuta zako zote leo, zikiwa na tarehe.

Mzee kutoka Lubumbashi aliniuliza mlangoni kama haya ya hapa yataiua Manono, yale machimbo ya lithiamu ya Kongo. Hapana, baba. Lithiamu ya Manono imo ndani ya jiwe. Jiwe lazima lisagwe, lichomwe kwa moto wa nyuzi zaidi ya elfu moja, kisha lipikwe kwa asidi ya salfuriki. Dunia inazihitaji zote mbili. Tofauti ninayoiona ni kwamba jiwe la Manono linaweza kupakiwa kwenye lori likaenda kuchomwa bara jingine, na aliyebaki akabaki na shimo. Maji ya moto hayasafiri hivyo. Ukiyapeleka mbali yanapoa. Mwenye kukaa karibu nayo ana nguvu kidogo ya kujadiliana, kama atajua kwamba anayo.

Kisheria, joto na lithiamu si vyako hata kama shamba la juu ni lako. Sheria ya madini ya Ujerumani imevitenga na mwenye ardhi. Lakini tangu Januari 2024 kuna sheria inayoulazimisha kila mji kuandika mpango wake wa joto: miji yenye watu zaidi ya laki moja, kama Karlsruhe na Ludwigshafen, ilipewa mpaka 30 Juni 2026, iliyobaki, Landau ikiwemo, mpaka 30 Juni 2028. Mpango huo una ramani ya mitaa. Mtaa wenu upo ndani ya rangi ya mtandao wa joto au uko nje. Wapangaji, msiniambie haiwahusu. Bili ya kupasha joto inalipwa na nani?

Mimi nina swali moja ninalouliza kila mkutano, hadi wananijua: bomba linapita mtaa gani, na mwaka gani? Mara ya mwisho msemaji aliniambia jambo hilo litaangaliwa katika awamu ya pili. Nikamuuliza lithiamu iko awamu ya ngapi. Ukumbi ukacheka, yeye akanywa maji.

Nimemaliza, mwenyekiti, pilau isipoe. Atakayetaka kuona ramani ya mji wake nimeziweka tatu pale mezani, na simu ninayo, ya nne tutaitafuta pamoja. Kipande cha bomba narudi nacho kazini Jumatatu, kisipotee. Na ile chupa, iko wapi? Nani kaiweka kwenye meza ya watoto?